Chaja ya Haruna na Uchochoro wa Jeneza

Kariakoo yote imepanda juu. Mtaa wa Kipata nyumba za chini zimebaki za kuhesabu kwa vidole, na moja ni ya Bi Kuruthumu binti Sadalla: nyumba ya Kiswahili ya haki, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Kushoto kwake ghorofa, nyuma yake ghorofa, kulia uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro nyumba ya Mzee Abbasi, naye kagoma kuuza kama yeye. Madalali wamemaliza soli za viatu kwa kumfuata bibi yule. Mmoja alimwambia, "Bibi, hapa pakisimama ghorofa utapewa chumba juu kabisa, unaona mpaka baharini."

Akamjibu, "Bahari naijua. Ikinihitaji itakuja yenyewe."

Ndivyo alivyo. Shule aliipita kwa nje. Herufi anazozijua ni za jina lake na za chupa ya dawa ya kikohozi. Lakini neno lake likishatoka halirudi, hata likitoka vibaya. Akisema chai haina sukari, haina, hata kama kijiko kimesimama wima ndani ya kikombe.

Watoto wake wengine walishahama kila mmoja na njia yake. Aliyebaki ni kitinda mimba, Haruna, na mkewe Nasreen, na watoto wao wawili wanaoshinda wakikimbizana ukumbini. Wakiwapo wote, Bi Kuruthumu hulalamika kwamba nyumba haina hata pa kuweka sikio. Wakienda ukweni Bagamoyo kwa siku mbili, wapangaji humsikia akizungumza na birika.

Haruna ni dereva, anabeba abiria wanaoita gari kwa simu: Posta, Upanga, uwanja wa ndege. Gari lake la mafuta lilipomchosha aliliuza, akajibana, akarudi nyumbani na gari la umeme. Dogo, jeupe, halina sauti. Siku ya kwanza lilimnyemelea Bi Kuruthumu mgongoni kama paka, akageuka akalichapa kandambili.

"Mama, ni mimi!"

"Piga kelele kama magari ya wenzio, basi! Unataka kuniua kimyakimya?"

Gari zuri, lakini lina njaa yake. Mahali pa kuchajia mjini ni pachache, na foleni yake ni kama ya bomba la maji wakati wa mgao. Wenzake Haruna wanaokaa Goba na Madale wanaingiza magari getini, wanachomeka, wanalala, wakiamka gari limeshiba. Yeye nusu ya siku imekatika kwenye foleni, na abiria wake wamebebwa na wengine. Akavumilia, akavumilia, mpaka Ijumaa moja, sinia la pilau likiwa katikati, akasema bila kumwangalia mama yake usoni:

"Mama, nimepata nyumba Goba. Ina ua na geti. Hapa gari halina pa kuchajia. Mwisho wa mwezi nafikiri tutahama."

"Nani amekushika mguu?"

"Hakuna, Mama."

"Basi nenda. Goba nako wanakaa watu."

Akasema hivyo, akakata tonge. Tonge lile halikupanda kinywani. Alilishika mpaka likapoa, akalirudisha kwenye sinia, akanawa mikono akaenda zake chumbani. Kumwambia mtoto "baki, mwanangu, nyumba itanielemea" hakuweza. Kinywa chake kilifundishwa mambo mengi, kubembeleza hakikufundishwa. Akalala chali akisikiliza wajukuu wakigombania mpira ukumbini, na kila mpira ulipogonga mlango wake alijiambia, huu ukifika Goba utagonga mlango wa nani?

Kulipokucha alitoka akiwa amekwisha kujifunga kibwebwe.

"Hicho kidude cha kuchajia kitawekwa hapahapa," akamwambia Haruna. "Na wa kuchagua ni mimi. Nyumba yangu, ukuta wangu."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Choo cha nyumba hii nilichagua mimi kichimbwe wapi. Umewahi kukisikia kikinuka ukumbini?"

Haruna akachukua funguo za gari.

Wakaenda dukani kwa Jamnadas, mzee wa Kihindi anayeuza vifaa vya umeme. Bi Kuruthumu ananunua balbu kwake tangu mumewe, Rajabu, yu hai, na hajawahi kununua hata moja bila ugomvi.

"Karibu, Bi Kuruthumu. Balbu imeungua?"

"Balbu zako zinaungua zenyewe, sihitaji kuja kukwambia. Leo nataka kitu cha kulishia gari."

Jamnadas akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Akamwita mjukuu wake, Charmi, binti aliyesomea uhandisi wa umeme, naye akaja na shikamoo yake mdomoni. Akaweka mezani waya mnene wenye kichwa kama bomba la kuogea.

"Hii, bibi, unachomeka kwenye soketi ya kawaida. Inachaji polepole sana. Ukichomeka Magharibi, mpaka alfajiri gari bado linaweza kuwa halijajaa."

"Kama mgonjwa anayenyweshwa uji kwa kijiko."

"Hasa. Hii ya pili ni kisanduku cha ukutani, kina waya wake wenyewe kutoka kwenye mita. Gari linajaa vizuri mkiwa mmelala. Na ipo ya tatu, kubwa zaidi."

"Hiyo ya tatu inakulaje?"

"Kama watu wa harusi," akadakia Jamnadas. "Lakini ukiiwasha, umeme wa nyumba yako hautaiweza. Itazima kila kitu."

"Hiyo kamuuzie adui yako. Nipe ya katikati."

"Subiri, bibi," Charmi akasema. "Watu wananunua chaja kwanza, ndipo wanaanza kutafuta pa kuiweka. Nije kwanza nione nyumba."

Bi Kuruthumu akamtazama juu hadi chini. "Jamnadas, huyu mtoto umemlea wewe? Hakukufuata hata kidogo."

Charmi akaja na mkoba wa vifaa. Akafungua soketi ya ukumbini, akachungulia, akaifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa wenye kulala.

"Haruna, ulikuwa unafikiria kuchomeka gari hapa?"

"Nilitaka kuvuta waya upite dirishani."

"Usijaribu. Nyaya hizi zimezeeka. Zinaweza taa na feni. Ukizibebesha gari, ukuta utapata joto na nyumba itawaka."

Basi ikabaki ile ya ukutani, yenye waya wake mpya, na mwingine wa kushuka ardhini kwa usalama. Swali likawa iwekwe wapi.

Barazani? Hapo Uledi, mpangaji wa chumba cha nyuma, amepanga makava ya simu, na mbele yake kuna muuza mikoba, na mbele ya muuza mikoba kuna muuza vichana, na mwenye mkokoteni anapita katikati akipiga mluzi. Gari lisimame wapi? Na usiku, waya mnene wa shaba ukining'inia barabarani, asubuhi utakuta misumari tu.

Uani? "Labda gari tulipitishe ukumbini vipandevipande," Haruna akasema.

Ikabaki uchochoro. Charmi akaupima kwa utepe, akafurahi. Kivuli kipo, mita iko karibu. Gari likiingia kinyumenyume, tundu lake la chaji, maana liko puani, linasimama sawasawa na ukuta wa Bi Kuruthumu. Bibi naye akaitikia kwa kichwa, maana mwenyewe alishauona uchochoro ule tangu jana, ila hakutaka kusema ili wasimuone ana haraka.

Ndipo ikasikika sauti ng'ambo: "Hapo haliwekwi gari."

Alikuwa Mzee Abbasi, kofia kichwani, mikono nyuma. Mzee huyu ndiye anayeshika funguo za stoo ya msikiti wa mtaa, mnamokaa jeneza. Na jambo jingine la kujua: yeye ni Mnyamwezi, Bi Kuruthumu ni Mzaramo. Makabila haya ni watani tangu zama za misafara, na utani wao hauna likizo hata msibani. Wafiwa wakilia, mtani ndiye anayelala juu ya mkeka wa marehemu akidai alipwe ndipo aondoke, na hakuna wa kumkasirikia.

"Kwa nini lisiwekwe? Uchochoro umeuzaa wewe?"

"Uchochoro huu wazee waliuacha kwa ajili ya jeneza. Maiti huoshewa uani, na ukumbi wako una kona. Kipata hii mtu hatolewi nyumbani kwake amekunjwa kama mkeka. Rajabu alipita wapi?"

Alipita hapo. Bi Kuruthumu alisimama kwenye mlango wa uani siku hiyo akalitazama jeneza likienda sawasawa, halikuyumba, na jambo hilo lilimpa nguvu siku nyingi. Kwa hiyo alijua Abbasi kasema kweli, na kweli ile ikamuudhi kuliko uongo.

"Jeneza lenyewe la nani?" akafoka. "Nyumba hii mkubwa ni mimi. Atakayepita hapo ni mimi. Na mimi nimeruhusu nikunjwe!"

"Wewe ukikunjwa, Mzaramo, tutakaosemwa ni sisi wabebaji."

Charmi akaingilia kati kabla hawajafika mbali. "Wazee wangu, vyote viwili vinaweza kukaa. Gari likibana kabisa ukuta huu, upande wa Mzee Abbasi inabaki njia. Tatizo ni kisanduku, kikitokeza kinalizuia gari lisibane. Lakini ukuta huu mnene." Akagonga karibu na dirisha la chumba cha Bi Kuruthumu. "Tukitoa dirisha hili tukakizamisha kisanduku ndani ya tundu lake, hakuna kitakachotokeza."

Haruna akaangalia viatu vyake.

Dirisha lile, mnielewe, si dirisha la kuingiza hewa. Hapo ndipo Bi Kuruthumu anapojua nani kapika nini, nani kanuniana na nani, mchumba wa nani kaletwa kwa mlango wa uani. Redio hana, na hakuwahi kuihitaji.

"Dirisha langu haliguswi," akasema. "Weka pembeni yake."

"Pembeni kitatokeza," akasema Abbasi. "Jeneza halitapita."

"Litapita."

"Halitapita."

"Lete jeneza, basi!"

Alilisema kwa hasira tu. Lakini Mzee Abbasi akajibu, "Kesho baada ya Alasiri. Linahitaji kupigwa jua hata hivyo."

Kesho yake uchochoro ulijaa kama sikukuu. Charmi alibandika ukutani, pembeni ya dirisha, boksi la karatasi lenye ukubwa wa chaja. Haruna akaliingiza gari, akalibana mpaka boksi likagusana nalo. Uledi na vijana watatu wa barazani wakalibeba jeneza kutoka uani, tupu, likapita kwa kuliinamisha kidogo ubavu.

"Limepita!" akasema Bi Kuruthumu. "Kazi imekwisha. Rudini nyumbani."

"Jeneza tupu hata mtoto analigeuza ubavu," akasema Abbasi. "Na maiti naye utamgeuza ubavu? Kipimo ni likiwa na mtu ndani."

Wote wakapata kitu cha kutazama chini.

"Uledi," akaita Bi Kuruthumu.

"Bibi, mimi sijaoa bado."

"Haruna."

"Mama, nimeshika usukani."

Bi Kuruthumu akageuka polepole, uso ukamng'aa. "Kwani mtani wangu si huyu hapa? Mnyamwezi, kazi ya mtani ni ipi? Au ni kula ubwabwa wa msiba tu?"

Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee Abbasi akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona njia zote zimezibwa na vicheko. Akatia kofia mfukoni, akavua makubazi yake, akampa Bi Kuruthumu.

"Nishikie. Ukiyavaa nitajua."

Jeneza likarudishwa uani, akajilaza humo kwa heshima zote, akakunja mikono. "Nifunikeni. Bila shuka lake si kipimo." Wakamfunika kwa shuka la kijani.

Wakamnyanyua. Nyuma ya gari walipita vizuri, ubavuni wakapita kwa kubana pumzi. Walipofika puani, hapo lilipo boksi, gari likawa limesukumwa nje kiganja kizima, na kiganja hicho ndicho bega la Uledi. Akanasa. Wa nyuma wanasukuma, wa mbele wanavuta, jeneza likainama.

"Taratibu!" ikatoka sauti ndani ya shuka. "Marehemu ana mgongo!"

Wakacheka mpaka nguvu zikawaishia, wakalilazimisha, likachomoka, wakatokea nalo barabarani kwa kasi ya kizibo cha chupa.

Sasa, kosa lilifanyika hapo. Kariakoo mwanamume akiona jeneza linapita haulizi la nani. Anaacha anachofanya, anaingiza bega, anatembea hatua zake, anampisha mwingine. Ni thawabu. Muuza mikoba akaingiza bega. Mwenye mkokoteni akauacha katikati ya njia, akaingiza bega. Aliyekuwa akitangaza bei za mashuka kwa kipaza sauti akakizima, akaja. Uledi na wenzake wakasukumwa nyuma, na kwa kuwa walikuwa wameinama kwa vicheko, watu wakadhani wanalia, wakawapigapiga migongoni. Jeneza likashika njia likaondoka, mkono kwa mkono, bega kwa bega, kuelekea Msimbazi, na dhikri imepanda.

Bi Kuruthumu alisubiri Abbasi apige kelele. Hakupiga. Akasubiri tena. Jeneza limefika kona.

Bibi yule hakuwa amekimbia tangu ujana wake, na alikuwa ameapa hatakimbia tena hata nyumba ikiungua. Alikimbia. Kanga moja begani, makubazi ya watu mkononi.

"Mrudisheni! Mrudisheni, hajafa huyo!"

Mama mmoja muuza karanga akamshika mkono. "Vumilia, bibi. Wote njia yetu ni hiyo."

"Nakwambia mzima!"

"Ndivyo tunavyosema wote siku ya kwanza. Viatu vyake hivyo? Masikini."

Akajinasua. Wanaume wakataka kumzuia, maana mwanamke hasindikizi jeneza, lakini walipoyaona makubazi mkononi wakamhurumia wakampisha. Akafika ubavuni, akaweka mdomo karibu na shuka.

"Abbasi. Inuka. Aibu gani hii?"

Chini ya shuka ikajibu sauti ndogo, imetulia kama ya mtu aliye kitandani kwake: "Dirisha?"

"Dirisha gani! Inuka, nakwambia!"

"Sisikii. Nimekufa."

"Basi nenda ukazikwe!"

"Twende. Lakini umeona mwenyewe lilivyonasa pale. Kisanduku kikitokeza, gari halikai uchochoroni. Gari lisipokaa, Haruna huyo Goba."

Bi Kuruthumu akawa anatembea sambamba na jeneza kama mwenye msiba kweli. Nyuma yake mtu alisema, "Anaongea naye. Ndoa za zamani hizo." Hakumsikia. Alikuwa akiliona dirisha lake, mbao zake mbili za rangi ya kijani, na upepo wa jioni. Kisha akauona ukumbi, umefagiwa, umetulia, hauna mpira wala kiatu kidogo kilichopinduka. Ukumbi safi kabisa. Akaona usafi ule hautaki.

Mbele ilikuwa Msimbazi. Basi la mwendokasi lilisimama kulipisha jeneza, dereva kainamisha kichwa. Wakivuka hapo, nani atawarudisha?

"Nakubali," akasema chini.

"Sisikii."

"Nimekubali! Litoke dirisha! Iingie hiyo chaja! Inuka, Mnyamwezi wee, kabla hawajakufukia!"

Shuka likafunuka. Mzee Abbasi akaketi kitako ndani ya jeneza, ndevu nyeupe, akawatazama watu wote.

"Mmesikia? Mashahidi ninyi."

Lo! Kariakoo ilitawanyika. Waliokuwa mbele waliachia wakakimbia bila kuuliza njia, kandambili zikabaki zimezagaa barabarani, mmoja alipanda juu ya mkokoteni wa nazi. Waliokuwa nyuma, kwa bahati, waliganda na jeneza lao mabegani, likalala kwa mbele, na Mzee Abbasi akateleza taratibu, miguu ikatangulia, akasimama wima juu ya lami kama mtu aliyeshuka ngazi.

"Viatu vyangu," akasema.

Bi Kuruthumu akamrushia kimoja, cha pili akamchapa nacho begani. Halafu cheko likamshika. Alicheka mpaka akakaa chini, pale ukingoni mwa Msimbazi, mama muuza karanga akimpepea na kuuliza wenzake kama kuna hospitali ya karibu.

Habari ilimfika shehe kabla ya Magharibi. Akamwita Abbasi, akamwambia jeneza si kitu cha mchezo, atoe sadaka, asirudie. Alimwambia hayo akiwa amegeukia ukutani, na waliokuwa nyuma waliona mabega yake yanatikisika.

Mafundi wakaja wiki ile ile. Dirisha likatolewa. Abbasi alikuja kusimamia kwa mikono nyuma, na Bi Kuruthumu alimuuliza kama hajaanza kunuka. Chaja ikazamishwa ndani ya ukuta, nje ikawekewa mlango mdogo wa chuma. Gari likaingia likabana ukuta kama jongoo, na jeneza lilipopitishwa tena, safari hii na magunia mawili ya mchele, lilipita sawasawa, halikuinama. Chumba kikawa na giza kidogo. Charmi akamtobolea tundu la hewa juu karibu na dari, na bibi akasema sauti zinaingia vizuri zaidi kwa juu.

Ilibaki kazi moja. Charmi alikuwa amesimama chumbani kwa bibi na simu mkononi.

"Bibi, swichi nimeiweka hapa, upande wako, kama ulivyotaka. Lakini chaja hii inaweza kuamrishwa kwa simu. Haruna anaiwasha popote alipo, hana haja ya kukusumbua."

"Umeshamwambia?"

"Bado."

"Usimwambie."

Charmi akamtazama. "Lakini kila jioni itabidi aje akugongee ndipo apate umeme."

"Mikono anayo."

Binti wa watu akatia simu mkobani, akaaga, akaenda zake akitabasamu mpaka barabarani.

Jioni ile Haruna alirudi mapema. Aliingiza gari, akachomeka waya puani, akaona taa ya chaja haijawaka. Nasreen akamwelekeza kwa kidole. Akaja ukumbini, akarukaruka viatu vya watoto, akagonga.

"Hodi, Mama."

"Nani?"

"Haruna. Naomba umeme."

Ndani hakukuwa na haraka. Kitanda kililia, kanga ikavutwa, mlango ukafunguka nusu. Bi Kuruthumu akamtazama mwanawe kama anayemkagua fundi mgeni.

"Umekula?"

"Bado, Mama. Washa kwanza, ndipo nile."

Akamshika mkono akamketisha juu ya kigoda, akainama kufunua sufuria.

"Basi na gari lisubiri," akasema.